Baba wa Garissa si adui wa shule

Kuna kauli iliyosemwa mara nyingi mno kiasi kwamba hakuna tena anayeidai ushahidi. Husemwa katika semina za hoteli za mjini Garissa, huandikwa katika ripoti za mashirika, machifu huirudia barazani, na sasa hata vijana wetu waliosoma wameikariri: elimu imezorota Kaskazini Mashariki kwa sababu ya baba. Baba wa Kisomali, wanasema, anapenda ngamia kuliko kitabu. Mwana wa kiume humtuma malishoni, binti humwoza, na yule mmoja aliyebahatika kufika darasani humchagulia kazi bila kumuuliza. Dawa inayopendekezwa ni kumzunguka: mama asemezwe peke yake, mtoto afundishwe haki zake, na baba akishupaa, polisi waitwe.

Ninaandika kutoka Waberi, wadi ya mjini Garissa, na kauli hiyo naipinga kuanzia mzizi wake. Baba wa hapa ni mtu anayepima. Huweka mbele yake watoto alionao, mifugo iliyobaki baada ya kiangazi na kile ambacho shule imemwonyesha kwa macho, kisha huamua. Uamuzi ukitoka mbaya, haki ni kuuliza kwanza aliwekewa nini mezani.

Sitaficha takwimu, kwa maana anayetetea watu wake kwa kuficha ukweli huwaangusha. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulikuta kwamba takriban robo tatu ya wanawake wa Kaskazini Mashariki hawakuwa na elimu yoyote ya shule, ilhali nchini kote hawakufika hata mmoja kwa kila kumi. Ni aibu, na inauma zaidi ukiwa na mabinti. Lakini takwimu hiyo haimtaji baba popote. Wanaomtaja ni wale wanaoisoma.

Nianze na dugsi, yaani madrasa ya Kurani, maana hapo ndipo kauli ile inapovunjika mapema. Ukipita mitaa ya Waberi alfajiri utasikia watoto wakisoma Kurani kwa sauti, kila mmoja na ubao wake. Nani aliwapeleka? Hakuna chifu aliyewatishia wazazi wao, hakuna sheria ya bunge iliyowalazimisha, wala hakuna uji wa shuleni uliowavuta. Baba humlipa maalimu wa dugsi kutoka mfukoni mwake, na huko malishoni asipokuwa na pesa humlipa kwa mbuzi. Mtu asiyethamini elimu hawezi kuilipia miaka nenda miaka rudi, kizazi baada ya kizazi, bila kusukumwa na yeyote.

Basi kwa nini dugsi ijae na shule ikose watoto? Tazama kile ambacho baba anapewa. Maalimu anajulikana kwa jina na kwa ukoo. Familia ikihama kutafuta maji, yeye huhama nayo. Mafunzo huelezwa kwa Kisomali, lugha ya nyumbani. La muhimu zaidi, baba mwenyewe anaweza kukagua kazi: jioni humwambia mtoto asome sura aliyofundishwa, na hata kama baba hajui kuandika jina lake, atajua mara moja kama mtoto ameendelea au amepoteza siku. Shule humletea kadi ya ripoti kwa Kiingereza na kumwita mara moja kwa muhula aje asikilize hotuba asiyoielewa, kisha ikamlaumu kwamba hafuatilii masomo ya mwanawe. Watu hutuambia penye nia pana njia. Nia ipo, inasikika kila alfajiri. Kilichokatika ni njia, na njia hiyo hakuikata baba.

Waliokata wanajulikana. Wakoloni waliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojumuisha kwetu, kuwa eneo lililofungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Uhuru ulipokuja, ukaja na vita vya Shifta na hali ya hatari iliyodumu hadi 1991. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka Namba 10, ambao ulielekeza fedha za maendeleo ziende pale zitakapoleta faida kubwa na ya haraka zaidi, yaani penye mvua, ardhi ya kilimo, reli na barabara. Kwa maneno mengine, Murang'a na Kericho zilipokuwa zikijengewa shule, kwetu palijengwa vituo vya polisi. Leo wanafunzi wa pande zote mbili wanakalia mtihani mmoja, na matokeo yakitoka tunaambiwa tofauti ni mila.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo semina hazipendi kuigusa. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, wakakaa hapo siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengi walikufa. Februari 1984 yakafuata mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, huko Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika yote mawili katika ripoti yake ya 2013. Watoto wa siku zile ndio baba na babu wa leo. Uwanja wa kwanza wa shule ambao baadhi yao waliujua ulikuwa mahali pa kufungiwa wazazi wao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na bado wanaume hawa wamewavisha watoto wao sare na kuwapeleka kwenye viwanja hivyo hivyo. Kama wangekuwa adui wa shule, walikuwa na sababu tosha ya kutokanyaga huko milele.

Tuje karibu zaidi. Novemba 2014, Al-Shabaab waliliteka basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi na kuwaua watu 28, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Aprili 2, 2015, waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu hii. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu walimu walioondoka. Nani atamwambia mwenzake abaki afe? Lakini mjue shule zilibaki vipi. Madarasa yalibaki na mwalimu mkuu na vijana waliomaliza kidato cha nne jana, wakijitolea kufundisha hesabu na kemia kwa malipo ya kuokoteza. Na aliyeokoteza malipo hayo ni nani? Ni wazazi, baba kwa baba, wakichangishana mjini na vijijini ili mlango wa darasa usifungwe. Katika ripoti nyingi, mchango huo haupewi hata sentensi moja.

Anayetaka kujua baba wa Kaskazini Mashariki ni mtu wa namna gani amkumbuke Mwalimu Salah Farah. Desemba 21, 2015, basi alilopanda kuelekea Mandera lilishambuliwa, na wauaji wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Salah Farah alipigwa risasi na akafariki Januari iliyofuata katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Alikuwa mwalimu, na alikuwa baba. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kufa kwake. Ingemheshimu zaidi kama ingeacha kuwazungumzia wanaume wa kwao kama kizuizi cha maendeleo.

Wanaotulaumu husoma kinyume pia namna tunavyowagawa watoto. Familia ya wafugaji yenye watoto sita huenda ikawapeleka wawili shule, wawili wakabaki na mifugo, mmoja akaenda mjini kwa mjomba kujifunza duka, na wa mwisho akawa bado yuko dugsi. Afisa wa elimu ataandika kwamba wanne wameikosa shule. Baba anaona nyumba ambayo haitaanguka yote siku moja. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika kaunti kame za Kenya. Nyumba iliyokuwa imeweka kila kitu kwenye mifugo ilifilisika. Ile iliyokuwa imeweka kila kitu kwenye shule, bila mifugo ya kuuza, nayo ilishindwa kulipa. Mwongozo wa serikali unairuhusu shule ya kitaifa ya bweni kutoza karo ya shilingi 53,554 kwa mwaka, na hapo bado hujanunua godoro, sanduku wala tikiti ya basi. Pesa hiyo hutoka sokoni, kwa mnyama aliyechungwa na ndugu. Mtoto aliyebaki malishoni ndiye aliyemsomesha yule aliyeko bwenini.

Mtafiti Saverio Krätli, aliyeandika miaka mingi juu ya elimu ya wafugaji wanaohamahama, ameonyesha jambo hili wazi: shule iliyobuniwa kwa ajili ya watu wanaokaa mahali pamoja humlazimisha mfugaji kuchagua kati ya elimu na riziki, kisha ikamwita mpinzani wa elimu anapochagua kula. Serikali yenyewe inalijua hilo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Wahamaji, NACONEK, na baraza la namna hiyo haliundwi kama shule ya kawaida inamfikia kila mtoto. Lakini sheria hiyohiyo inamtishia mzazi asiyempeleka mtoto shule kwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Nauliza kwa uchungu: baba akifungwa kwa kutompeleka mtoto, ni nani atafungwa pale mtoto anapopelekwa akakuta hakuna mwalimu? Sheria yenye jicho moja ni dhuluma, hata iandikwe kwa nia njema.

Hapa kuna pingamizi moja ambalo sitalikwepa. Mabinti. Wapo kati yetu baba wanaowaoza watoto wa miaka kumi na mitano mahari ikifika nyumbani, hasa mwaka wa ukame. Wapo wanaonyamaza binti anapokeketwa kwa kisingizio kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Hilo ni kosa, ni kinyume cha sheria ya nchi, na historia niliyoieleza hapo juu haimwondolei baba huyo hata chembe ya hatia. Dola haikumshika mkono akaweka dole gumba kwenye ndoa ya mwanawe. Akishtakiwa, na ashtakiwe.

Lakini tazama nini kinafuata ukishakubali hilo. Kama baba ndiye mwenye sauti ya mwisho kuhusu ndoa ya binti, basi yeye ndiye mtu wa kwanza wa kukaa naye, na ndiye wa mwisho wa kumfanya adui. Mpango unaowakusanya mama na binti ukumbini na kumwacha baba chini ya mti nje humrudisha binti yuleyule jioni kwenye nyumba ambayo uamuzi wake haujaguswa. Na baba anapoguswa, hoja zipo, tena za kwetu wenyewe. Mapigano ya koo yalipoitafuna Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1990, miongoni mwa waliosimama kuyazima alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, binti wa Wajir aliyekuwa amesoma akawa mwalimu, na mwaka 2007 dunia ikamtunuku tuzo ya Right Livelihood kwa kazi ya amani. Alifariki 2011. Mwaka 2017 watu wa Ijara walimchagua Sophia Abdi Noor kuwa mbunge wao, mwanamke wa kwanza wa Kaskazini Mashariki kushinda kiti cha jimbo. Mwambie baba habari hizo kwa Kisomali, baada ya swala ya alasiri, na umsikilize anachojibu. Utapata mengi kuliko utakayopata kwa bango la shirika.

Kauli ile ina mkono wa pili: kwamba baba huwachagulia watoto kazi na kuwaua vipaji. Kijana anataka kuchora, baba anataka daktari. Binti anataka uanahabari, baba anataka mwalimu. Hapa pia lawama imetolewa haraka. Kila baba duniani huongoza kwa njia aliyoipita au aliyoiona. Marehemu Mohamed Yusuf Haji alipanda ngazi za utawala hadi kuwa mkuu wa mkoa, akawa mbunge wa Ijara, waziri wa ulinzi, na seneta wa Garissa hadi alipofariki Februari 2021. Mwanawe Noordin Haji aliteuliwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma 2018, na 2023 akakabidhiwa Idara ya Taifa ya Ujasusi. Mwanawe mwingine, Abdul Haji, alichukua kiti cha useneta cha baba yake. Hatukusikia mtu akisema mzee huyo aliwadhulumu wanawe kwa kuwaonyesha njia ya serikali. Watoto wa maprofesa wa Nairobi wakiwa maprofesa huitwa familia ya wasomi. Mchunga ngamia akimwambia mwanawe awe daktari, huyo anaitwa dikteta.

Na anaposema daktari, anasema kwa nini? Mara nyingi ni mtu aliyewahi kumbeba mkewe mjamzito kwenye gari la mizigo usiku kucha kutafuta mkunga. Anaposema mwalimu, ni kwa sababu ameona darasa lisilo na mwalimu. Anaposema afisa wa serikali, ni kwa sababu ameona kitambulisho kinavyoweza kumfunga kijana. Kwa miongo mingi vijana wetu walipitishwa kwenye uchunguzi ambao Wakenya wengine hawakupitia ili wapate kipande, na maelfu walikuta alama zao za vidole zimo katika daftari la wakimbizi wa kambi za Dadaab. Bila kitambulisho hakuna mkopo wa elimu ya juu wa HELB, hakuna ajira, hata laini ya simu ni taabu. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba uchunguzi huo wa ziada umefutwa. Baba aliyeshuhudia mwanawe mwenye alama nzuri za kidato cha nne akikaa miaka nyumbani kwa kukosa karatasi hakuhitaji mtu amweleze kwa nini wadogo wa kijana huyo waende dukani. Alikwishajionea.

Sasa mtaala mpya unamtaka mwanafunzi achague mkondo kabla ya kuingia gredi ya 10: sayansi na teknolojia, au sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Wazazi wanaambiwa waache mtoto achague kwa kipaji chake. Ni ushauri mzuri penye shule yenye maabara, uwanja, vyombo vya muziki na walimu wa masomo yote. Pasipo na maabara, mkondo wa sayansi haukukataliwa na baba. Umekataliwa na bajeti, na fomu ya kuchagua mkondo iliyotiwa saini na baba isitumiwe kuficha hilo.

Jambo linalonikera kuliko yote ni kwamba katika mazungumzo haya yote ya vipaji, ujuzi wa baba mwenyewe haumo. Soko la mifugo la Garissa ni kati ya makubwa ya Afrika Mashariki. Ng'ombe huvuka mpaka kutoka Somalia, hupitia hapa, huishia Nairobi na Mombasa, na mamilioni ya shilingi hutembea kwa simu na kwa kuaminiana, mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakumaliza shule ya msingi. Kijana aliyekua humo anajua magonjwa ya wanyama, dalili za ukame, bei, deni na neno la mtu. Hiyo ni mizizi ya udaktari wa mifugo, uhasibu, sayansi ya malisho, biashara ya nyama. Bima ya mifugo inayotumia picha za satelaiti kupima ukavu wa malisho ilianza kuuzwa Marsabit mwaka 2010. Wataalamu wake wa takwimu walihitaji kujua hasa yale ambayo baba zetu wanayajua. Ni mwalimu gani wa ushauri nasaha aliyewahi kumwita mzee wa soko aje azungumze na gredi ya 9? Mtoto hufundishwa kwamba kusoma ni kukimbia kazi ya baba yake, kisha tunashangaa baba akisita kumpeleka.

Ninachotaka kinawezekana, na sehemu yake ni bure. Mikutano ya wazazi ifanyike kwa Kisomali, saa ambazo wanaume wametoka sokoni, na ripoti ya mtoto isomwe kwa sauti kama maalimu anavyosomesha sura, ili baba apate kuikagua. Serikali iwafunze ualimu vijana wa hapa kwa wingi na kuwaajiri kwa mkataba wa kudumu, na shule zinazohama zipewe walimu wa kweli, wenye mshahara. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichofungua tena milango Januari 2016 na kupata hadhi kamili 2017, kiwe mahali pa kwanza pa kumpeleka baba atembee, aone madarasa, aulize maswali. Na kitambulisho kitolewe kwa mtoto wetu kama kinavyotolewa kwa mtoto wa Nyeri, bila hotuba.

Kwa baba wenzangu nina neno pia. Utetezi huu una deni. Tukidai tuitwe watu wanaopima, basi tupime kwa mizani moja kwa mwana na kwa binti. Mtu asiyekubali mvulana aliyefaulu akatishwe masomo kwa ajili ya mbuzi kumi hana haki ya kumkatiza msichana kwa ajili ya mahari. Tuingie shuleni bila kusubiri kuitwa, tumjue mwalimu kwa jina kama tunavyomjua maalimu, na tukikuta darasa halina mwalimu tusirudi nyumbani kimya. Twende ofisi ya elimu ya kaunti pamoja, na turudi tena wiki ijayo. Serikali imezoea kutuhukumu tukiwa hatupo chumbani. Tukiingia na maswali yetu, itabidi kwa mara ya kwanza ijibu.